Kuisikiliza Kompyuta: Somo la Sauti Kutoka Tandale

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Fundi wa magari mwenye uzoefu hahitaji kuifungua injini yote ili ajue kwamba beringi imelika; husimama kando yake, akatega sikio, kisha akasema mahali penye kasoro. Daktari naye husikiliza kifua cha mgonjwa kabla ya kuandika dawa. Katika makala haya tutaonyesha kwamba kompyuta ya nyumbani yaweza kuchunguzwa kwa njia hiyo hiyo, na kwamba kanuni zinazohitajika ni zile ambazo mwanafunzi wa sekondari hujifunza katika mada za sauti, joto na umeme.

Jambo moja kubwa tunataka msomaji aondoke nalo: ukubwa wa sauti haulingani na ukubwa wa hatari. Kelele inayowaamsha majirani yaweza kuwa imesababishwa na vumbi la kufutwa kwa brashi, hali mlio mdogo unaofanana na wa saa ya mezani waweza kuwa ndiyo onyo la mwisho kabla ya kazi ya mwaka mzima kupotea.

Tukio la Tandale

Tandale ni kata ya Wilaya ya Kinondoni, jijini Dar es Salaam. Nyumba zake zimesongamana, njia nyingi ni za mchanga, na soko lake la nafaka hupokea mahindi na mchele kutoka mikoani. Hewa ya mitaa hiyo hubeba vumbi la njia, unga wa mashine za kusaga na moshi wa mkaa. Kompyuta si kitu kigeni huko: mwaka 2011 wakazi wa Tandale, wakishirikiana na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi, walitengeneza ramani ya kidijiti ya mitaa yao wenyewe. Siku hizi si ajabu kukuta kompyuta ya mezani, iliyonunuliwa ikiwa imekwisha kutumika, katika chumba cha mbele cha nyumba ya kawaida, ikitumika kuchapa barua na kuchapisha fomu za majirani.

Mwandishi wa makala haya, ambaye hufundisha fizikia, aliitwa katika nyumba moja ya namna hiyo mwezi wa Januari, wakati wa joto kali. Kompyuta ilikuwa ikinguruma kiasi cha watu waliomo chumbani kulazimika kupaza sauti.

"Shikamoo, mwalimu," alisema kijana wa nyumba hiyo. "Mashine hii inataka kupaa."

"Marahaba. Hebu niambie, kelele huanza lini? Pale unapoiwasha, au baada ya muda?"

"Baada ya kama robo saa. Ikianza haikomi mpaka tuizime."

Jibu hilo lilitosha kuelekeza fikira kwenye joto. Tuliiwasha na kuizima mara tano ili kuisikiliza, kisha tukaichomoa na kuifungua. Feni ya prosesa ilikuwa imevikwa vumbi la kijivu zito kama sufi, na mapengo ya bamba la alumini lililo chini yake yalikuwa yamezibwa kabisa. Tulisafisha, tukafunga, tukawasha. Kompyuta ikatulia, na mama mwenye nyumba akashukuru.

Ni katika utulivu huo ndipo tulipousikia mlio wa pili, ambao kelele ya feni ilikuwa imeufunika siku zote: *tak, tak, tak*, kisha kimya kifupi, kisha *tak, tak, tak* tena.

"Mama," mwandishi aliuliza, "kuna nini humu ndani ambacho hakipo mahali pengine?"

"Hesabu za kikoba chetu, mwalimu. Wanachama thelathini, michango ya mwaka mzima. Mwezi ujao tunagawana."

Swali hilo lingepaswa kuulizwa kwanza, kabla ya bisibisi kushikwa. Tutaeleza sababu yake hapa chini.

Sauti hutoka wapi?

Sauti ni mtetemo unaosafiri katika hewa au katika kitu kingine. Idadi ya mitetemo kwa sekunde moja huitwa marudio, na kipimo chake ni hezi. Sikio la kijana mwenye afya husikia sauti za kuanzia hezi 20 hadi hezi 20,000 hivi. Basi kila sauti ya kompyuta lazima itokane na kitu kinachotetemeka, nasi twaweza kuvigawa vitu hivyo katika makundi matatu.

*Kundi la kwanza ni vitu vinavyozunguka:* feni ya prosesa, feni ya kisanduku cha umeme (ambacho mafundi hukiita pawasaplai), na diski ngumu.

*Kundi la pili ni vitu vinavyotetemeshwa na umeme:* transfoma, koili na swichi za sumaku, ambazo humo katika stabilaiza.

*Kundi la tatu ni spika,* zinazoweza kutoa sauti ambazo hakuna aliyeziagiza.

Kwa kuwa kila chanzo kina marudio yake, hesabu ndogo hutusaidia kukitambua. Tuchukue feni yenye mapanga 7 inayozunguka mara 1,500 kwa dakika. Kwa sekunde moja huzunguka mara 1,500 ÷ 60, yaani mara 25. Kila mzunguko mapanga 7 hupita mahali pamoja na kuisukuma hewa. Basi sauti yake kuu ni 25 × 7, yaani hezi 175. Diski ngumu inayozunguka mara 7,200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde, na mvumo wake wa msingi ni hezi 120. Umeme wa nyumbani Tanzania hubadili mwelekeo kwa marudio ya hezi 50. Lakini chuma cha transfoma hujinyoosha na kujirudi kila mara mkondo unapofikia kilele, upande huu au ule, nacho hufikia kilele mara mbili katika kila mzunguko. Kwa hiyo mvumo wa transfoma ni hezi 100.

Mwalimu mwenye simu ya kisasa aweza kupata bila malipo programu ya kuonyesha marudio ya sauti, na darasa likahakikisha hesabu hizi kwa kupima feni yoyote ile.

Kwa nini feni hunguruma?

Prosesa hugeuza umeme inaoutumia kuwa joto. Joto hilo hupita katika bamba la alumini lenye mapengo mengi, na feni huliondoa kwa kupuliza hewa. Kiasi cha joto kinachoondolewa hutegemea, pamoja na mambo mengine, tofauti kati ya joto la bamba na joto la hewa ya chumbani. Tuseme bamba lisizidi nyuzi 70 za Selsiasi. Katika chumba chenye nyuzi 20, tofauti ni nyuzi 50. Katika chumba cha Tandale mwezi Januari chenye nyuzi 32, tofauti ni nyuzi 38 tu. Kazi ni ile ile, nyenzo imepungua; hivyo hewa zaidi yahitajika. Ongeza vumbi linalozuia hewa hiyo kupita, na hali huwa mbaya maradufu.

Kompyuta ina kipima joto ndani yake. Joto likipanda, feni huamriwa kuongeza mwendo. Hapo ndipo kelele inapozaliwa, kwa maana nguvu ya sauti ya feni hukua takribani kwa kipeo cha tano cha mwendo wake. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya sauti huongezeka kama mara 32, sawa na desibeli 15. Marudio nayo huongezeka mara mbili: feni yetu ya hezi 175 sasa hulia kwa hezi 350.

Kwa hiyo ngurumo inayoanza baada ya robo saa, na kuzidi mchana wa jua kali, ni kilio cha joto, na dawa yake ni usafi. Ikiwa feni hukwaruza tangu inapowashwa na kisha hupungua, yamkini beringi imekauka. Tone moja la mafuta ya cherehani laweza kuinyamazisha kwa muda, lakini feni hiyo yafaa ibadilishwe. Mafuta ya kupikia yasitumike kamwe, kwa sababu huganda na kukusanya vumbi.

Iwapo sauti hubadilika unapoushika ubavu wa kasha la kompyuta, basi kasha ndilo linalotetemeka kama ngozi ya ngoma. Kaza skrubu zake, au weka kitambaa kilichokunjwa chini ya miguu yake, bila kuziba matundu ya hewa.

Mlio mdogo wenye hatari kubwa

Diski ngumu ya kwanza ilitolewa na kampuni ya IBM nchini Marekani mwaka 1956. Ilikuwa na mabamba 50, kila moja likiwa na kipenyo cha sentimita 61, na iliweza kuhifadhi herufi milioni 5. Diski ya leo hushikwa kiganjani na huhifadhi mara laki nyingi zaidi, lakini kanuni haikubadilika: bamba lililopakwa sumaku huzunguka, na kichwa kidogo kilicho kwenye mkono husoma alama za sumaku zilizo juu yake.

Kichwa hicho hakiligusi bamba. Huelea juu ya utando wa hewa kwa umbali wa nanomita chache tu. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita kama 70,000. Wakati huo huo, ukingo wa bamba lenye kipenyo cha sentimita 9.5, likizunguka mara 120 kwa sekunde, hukimbia kwa mwendo wa kama mita 35 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 120 kwa saa. Punje moja ya vumbi ikiingia hapo, au kichwa kikiligusa bamba, alama zilizoandikwa hukwanguliwa.

Diski nzima hutoa mvumo mwepesi, na milio hafifu isiyo na mpangilio wakati wa kusoma na kuandika. Diski mgonjwa hutoa mlio wenye mpangilio. Kichwa hutafuta alama za kukiongoza zilizoandikwa bambani kiwandani. Kisipoziona, mkono hurudishwa mwanzoni na kugonga kizuizi, kisha hujaribu tena. Kila *tak* ni jaribio lililoshindwa.

Hata hivyo msomaji asikate shauri upesi. Stabilaiza nayo hulia *tak* wakati swichi yake ya sumaku inaporuka kusawazisha volti, na jioni, watu wengi wanapotumia umeme, huweza kulia mara kwa mara. Tofauti ni kwamba mlio wa stabilaiza mara nyingi huambatana na kufifia kwa taa, hali mlio wa diski huambatana na kompyuta kuganda au faili kukataa kufunguka.

Ili kutenganisha sauti hizi, tumia chombo kilichobuniwa Paris mwaka 1816 na daktari René Laennec, ambaye alikunja karatasi kuwa bomba ili asikilize moyo wa mgonjwa. Kunja karatasi ya daftari vivyo hivyo, weka ncha moja sikioni, na upitishe ncha ya pili nje ya kasha, ukilinganisha sehemu moja na nyingine. Kule Tandale bomba la karatasi lilitoa jibu katika dakika moja: stabilaiza ilikuwa kimya, na mlio ulitoka mbele ya kasha, mahali diski ilipofungwa.

Sasa tunaweza kueleza kosa la mwandishi. Sauti kubwa hulifanya sikio lisisikie sauti ndogo inayolia pamoja nayo. Kwa kuwa ngurumo ya feni ilikuwa kubwa, tuliichukulia kuwa ndiyo ugonjwa wote. Na kila tulipoiwasha na kuizima kompyuta tuliilazimisha diski dhaifu kuanza upya, yaani kufanya kazi iliyo ngumu kuliko zote kwake.

Hatukuizima tena. Tulichomeka fleshi na kunakili kwanza hesabu za kikoba, kwa sababu zilikuwa na thamani kubwa na ukubwa mdogo. Zilihamishwa kwa sekunde chache. Zikafuata barua na fomu za wateja. Mwisho tulianza picha za familia, ambazo zilikuwa nyingi. Kabla hazijafika nusu, mlio uliongezeka kasi, kisha diski ikanyamaza, na haikuamka tena. Kikoba kiligawana fedha zake mwezi uliofuata bila ugomvi. Picha za harusi na za marehemu babu hazikurudi.

Utaratibu wa uchunguzi

Kutokana na hayo tunapendekeza hatua zifuatazo, ambazo zafaa pia kutumiwa darasani kama mfano wa uchunguzi wa kisayansi.

1. *Linda kwanza yasiyoweza kununuliwa.* Kabla ya kugusa chochote, nakili kazi muhimu, ukianza na zile ndogo zenye thamani kubwa.

2. *Andika unachokisikia.* Sauti huanza lini? Huendelea au hukatika? Hubadilika unapofungua faili, chumba kinapopata joto, au taa zinapofifia?

3. *Ondoa spika.* Chomoa waya wake. Sauti ikikoma, kompyuta ni nzima. Mkwaruzo unaosikika muda mfupi kabla ya simu kuita husababishwa na simu yenyewe: simu inapotumia mtandao wa kizazi cha pili hutuma mawimbi vipande vipande, kama vipande 217 kila sekunde, nayo huingia katika waya za spika. Isogeze simu.

4. *Tafuta mahali.* Tumia bomba la karatasi, kasha likiwa limefungwa.

5. *Badili jambo moja tu kwa wakati mmoja.* Ukisafisha feni, ukabadili waya na kuhamisha stabilaiza kwa pamoja, kelele ikikoma hutajua ni lipi lililoiponya.

6. *Sikiliza tena baada ya kila tengenezo.* Sauti moja ikiondoka, yawezekana nyingine ilikuwa imejificha nyuma yake.

Kompyuta inayokataa kuwaka na badala yake kupiga milio kama filimbi haina kelele ya ugonjwa, inasema. Inapowashwa hujikagua yenyewe, na hutoa milio kwa hesabu maalumu ikigundua kasoro. Maana ya hesabu hiyo hutofautiana kwa kila mtengenezaji, lakini mara nyingi kosa ni kibao cha kumbukumbu, ambacho mafundi hukiita ramu, kutokaa sawasawa mahali pake.

Tahadhari

Kwanza, chomoa plagi ukutani kabla ya kufungua kasha. Kuzima swichi pekee hakutoshi.

Pili, kisanduku cha umeme kisifunguliwe na mwanafunzi wala na mwalimu asiye fundi wa umeme. Umeme wa volti 230 una kilele cha 230 × 1.41, yaani volti kama 325, na kapasita zilizomo ndani huweza kuihifadhi volti hiyo hata baada ya plagi kuchomolewa. Feni yake ikichafuka, ipigwe brashi kwa nje tu.

Tatu, unapopuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli au blowa, zuia mapanga ya feni kwa kijiti ili yasizunguke. Feni inayozungushwa na upepo hugeuka kuwa jenereta, na umeme wake waweza kudhuru bodi ya kompyuta.

Nne, diski inayogonga isifunguliwe, isipigwe, wala isiwekwe katika friji kama wengine wanavyoshauri. Katika hewa yenye unyevu ya pwani, kitu baridi kikitolewa nje huota matone ya maji papo hapo, kama chupa ya soda inavyofanya. Kama yaliyomo yana thamani kubwa, izime na umpelekee mtaalamu.

Hitimisho

Vumbi la Tandale halitakwisha kesho, wala joto la Januari. Lakini kompyuta inayosafishwa kila baada ya miezi mitatu, iliyoinuliwa kutoka sakafuni, itanguruma kwa nadra. Diski nayo, hata ikitunzwa vipi, ipo siku itakufa, kwa kuwa ni mashine inayozunguka. Hata kompyuta mpya zenye hifadhi isiyozunguka hazina kinga. Hizo hufa bila mlio wowote, na mwenyewe hapati onyo la sikio. Hivyo kazi isiyo na nakala mahali pengine ihesabiwe kuwa imekopwa tu. Yule mama wa Tandale sasa huweka hesabu za kikoba katika kompyuta, katika fleshi inayokaa kwa mwenyekiti, na katika daftari la karatasi.

Maswali ya kujipima

1. Feni yenye mapanga 9 huzunguka mara 2,000 kwa dakika. Tafuta marudio ya sauti yake kuu.

2. Eleza kwa nini transfoma inayotumia umeme wa hezi 50 huvuma kwa hezi 100. Je, katika nchi yenye umeme wa hezi 60 ingevuma kwa marudio gani?

3. Kompyuta hulia *tak* kila jioni, na taa hufifia wakati huo huo. Taja chanzo unachokishuku kwanza, na jaribio moja la kuthibitisha.

4. Mwanafunzi ana dakika tano tu kabla ya diski kufa. Ana picha 2,000, filamu 3 na matokeo ya mitihani ya shule nzima yaliyo katika faili moja dogo. Anakili nini kwanza, na kwa sababu gani?